Mwaka Mmoja na Kundi la Watano: Tathmini ya Huduma ya Kuwapokea Wakimbizi Vijijini Nova Scotia

Ndugu zetu walioko katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na Dzaleka huniuliza swali moja kila mara: mtu akiambiwa kwamba kesi yake ya kuhamishiwa nchi nyingine imekubaliwa, na kwamba atapelekwa Kanada, si mjini bali kijijini, mikononi mwa raia wa kawaida waliojitolea kumpokea, je, akubali au aombe kusubiri nafasi nyingine? Nimechelewa kulijibu kwa sababu sikutaka kujibu kwa kusikia. Sasa nimeifuatilia huduma hiyo kwa zaidi ya mwaka, nikiwa mkalimani wa familia moja ya Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu na kufikia kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Nova Scotia, jimbo la mashariki mwa Kanada, na naona ninaweza kusema nilichokiona. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Kasulu, wilaya ambayo kambi hiyo imo tangu mwaka 1996, na nilipokuwa msichana soko la pamoja lilikuwa bado wazi, nasi tulikuwa tukinunua na kuuza pale pamoja na Wabembe na Wafuliro wa Kongo bila kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Leo naishi Halifax, mji mkuu wa Nova Scotia, ninafanya kazi ya kutunza wazee, na kundi lililoipokea familia hiyo lilinipata kupitia kanisa. Kijiji, kundi na familia sitavitaja kwa majina, kwa kuwa nitasema pia yaliyokwenda vibaya.

Kwanza ieleweke huduma yenyewe ni ipi, maana watu wengi huichanganya na ule utaratibu wa serikali, ambapo serikali yenyewe ndiyo humpokea na kumtunza mkimbizi. Kanada iliuweka mlango wa udhamini binafsi katika sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1976, na mlango huo ukafunguliwa kwa upana mwaka 1979, wakati wa wakimbizi wa Vietnam, Laos na Kambodia. Kati ya watu 60,000 waliopokelewa mwaka huo na uliofuata, zaidi ya nusu walidhaminiwa na makanisa, majirani na marafiki waliochanga fedha zao. Mwaka 1986 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliwapa watu wa Kanada wote kwa pamoja tuzo ya Nansen, ambayo hutolewa kwa wanaowahudumia wakimbizi, kwa ajili ya kazi hiyo. Mdhamini anaweza kuwa shirika lenye mkataba na serikali, au jumuiya ya mahali, au lile linaloitwa Kundi la Watano, yaani raia au wakazi wa kudumu wasiopungua watano, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wanaokubali kwa maandishi kwamba kwa miezi 12 tangu familia ifike, makazi, chakula, mavazi na mwongozo wa maisha vitakuwa juu yao. Fedha si kidogo: katika jedwali ambalo wadhamini wetu walipewa, mtu mmoja alikadiriwa kuhitaji dola 16,500 za Kanada kwa mwaka, na familia ya watu wanne dola 28,700. Upo pia mpango wa mchanganyiko, ulioanza mwaka 2013, ambapo UNHCR humpendekeza mkimbizi, serikali hulipa posho ya hadi miezi sita, na wadhamini hubeba iliyobaki. Familia ninayoizungumzia ilikuja kwa njia hiyo, kwa hiyo wadhamini hawakuwajua hata kidogo kabla ya kusoma karatasi mbili zenye majina yao, umri wao na lugha wanazozungumza.

Anayekuja kwa njia hii huwa mkazi wa kudumu mara tu anapofika Kanada. Haji kuomba hifadhi upya, hasubiri kibali cha kazi, na watoto wake huandikishwa shule bila kikwazo. Wala mkimbizi hamlipi mdhamini chochote. Mtu yeyote anayewaambia walioko kambini kwamba kundi la wadhamini linahitaji fedha ili kusogeza faili ni mwizi, na nawasihi wanaosoma haya wawaambie hivyo wazee wao kwa sauti.

Walifika usiku wa Februari, watu sita: baba, ambaye kambini alikuwa mwalimu na ambaye kila mtu humwita Mwalimu, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu. Kila mtu mzima alikuwa na mfuko wa IOM, shirika la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi, shingoni, ule mweupe wenye maandishi ya buluu, na bibi alikuwa ameushika kwa mikono miwili kana kwamba mtu angeweza kuunyakua. Wajitoleaji saba walikuwa wakingoja uwanjani wakiwa na makoti ya baridi ya vipimo mbalimbali, kofia, soksi nene na mabuti, na ninakiri kwamba nilipoona jinsi kila koti lilivyobandikwa karatasi yenye jina la mtoto, machozi yalinilenga. Bibi alikataa kuvua kitenge chake ili avae koti. Nilianza kumbembeleza, lakini mama mmoja wa kundi lile, mwuguzi mstaafu, alinishika mkono akaniomba niache, akamvika koti juu ya kitenge, kisha akachukua kitenge cha pili kutoka kwenye mfuko wa bibi na kumfunga juu ya koti. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo walisafiri zaidi ya saa mbili gizani, theluji kando ya barabara, mpaka kwenye nyumba ya mbao yenye vyumba vinne ambayo kundi lilikuwa limeikodi na kuipaka rangi.

Maandalizi ya nyumba nayapa alama za juu. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, watoto walikuwa na madaftari, na ukutani palikuwa na ramani mbili, ya kijiji na ya Ziwa Tanganyika. Jikoni ndipo nilipoona kasoro ya kwanza. Friji ilijaa vitu ambavyo wenye nyumba hawakuvijua: jibini, maziwa baridi, nafaka kavu za kula asubuhi, mkate laini wenye sukari, soseji. Kwa siku tatu familia ilikula wali mtupu na ndizi, na kila mjitoleaji alipopita na kuuliza kama chakula kinatosha, aliambiwa kwamba kinatosha na shukrani nyingi. Nilipofika Jumamosi nikafungua kabati na kuelewa. Mwanamume mmoja wa kundi hilo, fundi seremala aliyestaafu, aliniuliza swali ambalo ningetamani wote wangeuliza kabla ya ndege kutua: mama huyu akiwa kwake, asubuhi huinjika nini jikoni? Tukaenda Halifax siku iyo hiyo, tukarudi na unga wa muhogo, unga wa mahindi, maharage, dagaa, mawese, na sombe iliyogandishwa, ambayo sisi Kasulu tunaiita kisamvu. Mama akaweka sufuria jikoni, akatafuta mwiko, hakuna. Vilikuwepo vijiko vya plastiki vinavyopinda, ambavyo haviwezi kusonga ugali wa watu sita. Fundi yule alimtazama mama akihangaika, akachukua vipimo kwa kiganja chake, na baada ya siku mbili akaleta mwiko aliouchonga kwa ubao wa mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, mpini mrefu, bapa lake pana, umesuguliwa mpaka unang'aa. Watoto walishindwa kumwita mzee kama huyo kwa jina lake la kwanza kama alivyotaka, kwa kuwa kwao si adabu, wakamwita Babu Seremala, na sasa kijiji kizima kinamwita hivyo.

Nimekaa sana kwenye mwiko kwa sababu ndio unaonyesha huduma hii inazidi wapi ule utaratibu wa serikali. Ofisa wa serikali ana familia nyingi na saa chache. Anaweza kukupa orodha ya maduka, lakini hawezi kusimama jikoni kwako akaona kinachokosekana. Wajitoleaji wa kijijini wanao muda huo, na wanafahamiana na daktari wa meno, mwalimu mkuu, mwenye karakana na mwenye shamba. Mtoto wa pili alipopata maumivu ya sikio, haikuchukua saa nne akawa mbele ya daktari, kwa sababu mwuguzi yule alijua apige simu kwa nani. Kadi ya afya ya jimbo, namba ya bima ya jamii, posho ya watoto, akaunti ya benki, usajili wa shule, vyote vilikamilika ndani ya wiki chache, na kila mara kulikuwa na mtu wa kuendesha gari, kuketi nao foleni na kuuliza tena pale ambapo jibu halikueleweka. Anayekumbuka foleni za kambini, ambako mtu hutoka alfajiri kwa ajili ya muhuri mmoja na kurudi jioni bila muhuri, ataelewa uzito wa jambo hili.

Kasoro iliyoniuma kuliko zote ilihusu fedha. Mwekahazina wa kundi, mtu mwema na mwangalifu kupita kiasi, alikuwa akitoa matumizi ya wiki ndani ya bahasha, kisha Ijumaa anakuja kukusanya risiti na kuuliza kwa nini nyama imezidi au kwa nini kadi ya simu imenunuliwa mara mbili. Nia yake ilikuwa kuweka hesabu safi kwa ajili ya waliochanga. Kwa Mwalimu, aliyekuwa akifundisha darasa la watoto wengi kupita kiasi chini ya paa la bati, na ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, bahasha ile ilikuwa kibali kingine. Hakulalamika. Aliacha tu kula nasi mezani siku za Ijumaa, akawa anatoka nje kutembea kwenye baridi mpaka mgeni aondoke. Mama ndiye aliyeniambia, tukiwa tunakunja nguo: "Dada, hapa tunapendwa, lakini nyumba bado si yetu." Nililipeleka neno hilo kwenye kikao cha kundi jinsi lilivyo, bila kulipaka sukari, na ninawashukuru kwamba hawakujitetea kwa muda mrefu. Fedha za miezi iliyobaki zikaanza kuingia katika akaunti ya familia kila mwanzo wa mwezi, na mwekahazina akabaki na kazi ya kumsaidia Mwalimu kuelewa bili, alipoombwa. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo. Posho hiyo ni haki ya mkimbizi chini ya ahadi ambayo wadhamini wametia saini, wala si zawadi ya kutolewa kwa masharti.

Siku moja mwishoni mwa Machi mafuta ya kupashia nyumba joto yaliisha. Nyumba nyingi za huko zina tangi la mafuta kwenye ghorofa ya chini, na lazima mtu aangalie kipimo na kuagiza kabla halijakauka. Kundi lilidhani mwenye nyumba ameeleza, mwenye nyumba alidhani kundi limeeleza. Familia ililala na makoti usiku mmoja na nusu bila kumpigia mtu yeyote simu. Mjitoleaji alipogundua alilia, kisha akaniuliza kwa nini hawakusema, hali alikuwa amewauliza asubuhi ile ile kwa ujumbe wa simu kama kuna tatizo, nao wakajibu hakuna. Nilimweleza kwamba kwetu mgeni aliyekaribishwa vizuri hawezi kumwambia mwenyeji wake kwamba ana baridi, na kwamba "hakuna shida" katika Kiswahili mara nyingi ni salamu ya heshima tu, si taarifa ya hali ilivyo. Tangu siku hiyo waliacha kuuliza kama kuna tatizo, wakaanza kusema: "Tuonyesheni kipimo cha mafuta," na "Leo tupike pamoja." Mtu anapoonyesha, mengi hujitokeza bila yeye kulazimika kulalamika.

Kuhusu ukalimani nina neno kali kidogo. Kundi liliambiwa kwamba familia inazungumza Kiswahili, likaridhika kwamba ukalimani wa simu wa Kiswahili utatosha. Hautoshi. Bibi huzungumza Kibembe, na Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Baba na mama huzungumza Kiswahili cha Kongo, ambacho miaka ya Tanzania imekibadilisha nusu tu. Katika mazungumzo ya kwanza na shule, ambapo mimi sikuwepo, mama aliuliza nani atamkamata mtoto saa tisa, na mkalimani wa simu, ambaye kwa jinsi nilivyosimuliwa alikuwa mtu wa pwani, akatafsiri kwamba mama anaogopa mtoto wake atakamatwa. Ofisi nzima ilishtuka, wakaanza kumtuliza kuhusu polisi. Kwa Wakongo kukamata ni kuchukua tu; mama alitaka kujua nani atamleta mtoto nyumbani masomo yakiisha. Neno moja lilitosha kuwafanya walimu wamwone mama yule kama mtu mwenye hofu kubwa, na sifa hiyo ilimfuata kwa miezi. Kila kundi linalopanga kupokea Wakongo linapaswa kutafuta mkalimani anayekifahamu Kiswahili cha mashariki ya Kongo, limlipe kwa kazi yake, na lihakikishe kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili hageuzwi kuwa mkalimani wa mama yake kwa daktari. Hilo la mwisho lilitokea mara mbili kabla sijalikataza.

Usafiri ndio mlima wa maisha ya kijijini, na hapa simlaumu mtu. Hakuna basi. Kliniki iko umbali wa kilomita 38, darasa la Kiingereza la watu wazima liko mbali zaidi, na kiwanda cha samaki kilichomwajiri Mwalimu kinaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Wajitoleaji walibandika ratiba ya madereva kwenye friji, wakaifuata mwaka mzima katika theluji na mvua, jambo ambalo sijaliona kwa watu wengine waliojitolea popote nilipoishi. Hata hivyo, mtu anayesubiri gari la mwingine ili akanunue chumvi hajawa huru bado. Leseni ya udereva katika jimbo hilo hupitia ngazi, na mwanafunzi hukaa na leseni ya kujifunzia kwa miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kuendesha peke yake. Mwalimu aliianza mwezi wa tano tangu wafike, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba kitabu cha sheria za barabarani kiko kwa Kiingereza. Ushauri wangu kwa kundi lolote la kijijini ni kwamba masomo ya leseni yaanze mwezi wa kwanza baada ya familia kufika, kwa baba na kwa mama pia, na mchango wa gari la kwanza uhesabiwe pamoja na kodi ya nyumba.

Yapo mambo mawili ya karatasi ambayo wajitoleaji hawakuyajua vizuri na ambayo yalikuwa na uzito kwa familia kuliko yote. La kwanza ni mkopo wa safari. Nauli za ndege hutolewa na serikali ya Kanada kama mkopo, na Mwalimu alikuwa akikosa usingizi akidhani riba inaongezeka kila siku. Tangu Februari 2018 mkopo huo hautozwi riba, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kufika. Nilipomsomea karatasi ile kwa Kiswahili alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mama yake amweleze kwa Kibembe. La pili ni binti yao mkubwa, aliyepotezana nao wakati wa kukimbia na kupatikana baadaye Burundi. Kwa kuwa walimtaja kwenye mahojiano, wana haki ya kuomba afuate ndani ya mwaka mmoja tangu walipofika. Wangekuwa hawakumtaja, sheria ingemfungia mlango huo. Kundi lilijua habari hii mwezi wa tisa tangu wafike, tukajaza fomu kwa haraka iliyotutoa jasho, na ombi likapelekwa kabla ya muda kuisha. Walioko kambini wanaosoma haya: mtajeni kila mtoto, hata ambaye hamjui yuko wapi, hata kama mtu amewaambia kwamba mkiwa wengi kesi itachelewa.

Watoto walipokea Kiingereza kama mvua, ila walikuwa weusi peke yao darasani, na kundi, lenye watu weupe watupu, halikuwa limefikiria jambo hilo zaidi ya kusema kwamba kijiji kina watu wakarimu. Ni kweli kina watu wakarimu. Pia kulikuwa na mtoto aliyekataa kuketi karibu na mvulana wetu, na hakukuwa na mtu wa kukata nywele za aina yetu kwa umbali wa saa nzima ya gari. Nililomshukuru mwuguzi yule ni kwamba aliposikia hakusema ni utani wa watoto. Alikwenda shuleni, na wiki iliyofuata akaipeleka familia nzima Birchtown, karibu na Shelburne, kwenye kituo cha kumbukumbu cha watu weusi waliofika hapo mwaka 1783 baada ya vita vya uhuru wa Marekani, wakaahidiwa ardhi na kupewa mawe na dhiki, hata karibu 1,200 kati yao wakaondoka mwaka 1792 kwenda Sierra Leone. Waliobaki vizazi vyao vipo mpaka leo katika jimbo hilo. Mvulana alisoma majina ukutani kwa sauti, moja baada ya jingine, na mzee mmoja mweusi wa pale akamuuliza anatoka wapi, akajibu kwa Kiingereza chake kipya kwamba anatoka Nyarugusu, Tanzania, Kongo, vyote vitatu kwa mfululizo. Wakapata kanisa, wakapata kinyozi, na mama akapata mtu wa kumsuka. Mahusiano hayo yangeweza kuandaliwa kabla hawajafika.

Nikilinganisha na mipango mingine ninayoifahamu, miezi 12 ya Kanada ni muda wa maana. Ule mpango wa Marekani ulioanzishwa Januari 2023, na ambao ulisitishwa mwanzoni mwa 2025, uliwataka wadhamini wabebe siku 90 tu, na siku 90 katika kijiji chetu zingekwisha kabla Mwalimu hajaanza hata masomo ya leseni. Uingereza, iliyoanza udhamini wa jumuiya mwaka 2016, hulitaka kundi lihakikishe nyumba kwa miaka miwili, na sharti hilo la nyumba ningependa Kanada iliige kwa maeneo ya vijijini, ambako mwenye nyumba akibadili nia hakuna nyumba nyingine ya kukodi.

Mwezi wa kumi na tano tangu wafike, familia ilihama. Mwalimu alipata habari za mji mmoja wa Ontario wenye kanisa linaloabudu kwa Kiswahili na duka linalouza ndakala, yaani dagaa, na bibi, ambaye alikuwa amekaa msimu mzima wa baridi bila mtu wa kuzungumza naye Kibembe nje ya nyumba, aliposikia kwamba kuna wazee wa Kibembe huko, alianza kufunga mizigo siku hiyo hiyo. Baadhi ya wajitoleaji waliumia. Mmoja aliniuliza kwa uchungu kama walikosea nini, baada ya kazi yote ile. Nilimjibu ninavyoamini: mkazi wa kudumu ana haki ya kuishi popote Kanada, kama yeye mwenyewe alivyotoka kwao New Brunswick akaja hapa kwa ajili ya mume, na familia inayoweza kupanga safari yake, kuuza kochi, kufunga akaunti ya umeme na kuwaaga walimu wa watoto bila kumwomba mtu ruhusa, imehudumiwa vizuri. Walewale walioumia ndio waliokodi lori. Babu Seremala aliendesha siku mbili nzima, Mwalimu kando yake akimsomea vibao vya barabarani.

Kwa hiyo nikiulizwa alama, ninaipa huduma hii nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia ni kwa ajili ya bahasha, ukalimani na tangi la mafuta, mambo ambayo kundi linaweza kuyarekebisha kwa vikao vitatu kabla ya ndege kutua. Mwenye watoto wadogo, mwenye mgonjwa anayehitaji kufuatiliwa, na yule aliyechoshwa na foleni, wakubali kijiji bila hofu. Kijana asiye na familia na mzee anayezungumza lugha moja tu ya nyumbani wafikiri zaidi, na waulize mapema kama kuna mtu wa lugha yao ndani ya saa moja ya gari.

Anayetaka kuunda kundi afahamu kwamba tarehe 29 Novemba 2024 Kanada ilisitisha kupokea maombi mapya ya Makundi ya Watano na ya jumuiya, kwanza hadi mwisho wa 2025, kwa sababu ya mrundikano wa maombi, hivyo ni lazima aangalie taarifa za wizara ya uhamiaji ya Kanada kabla hajaanza kuchangisha. Njia ya mashirika yenye mikataba ni mlango tofauti na huo. Kundi la kijiji chetu halijavunjika. Limeitunza ile nyumba, na mwezi uliopita waliniomba niwaandikie kwa Kiingereza na Kiswahili orodha ya vitu vya jikoni kwa ajili ya familia nyingine watakayoipata kupitia kanisa, nami nikaandika unga, mawese, dagaa, sufuria nzito isiyo na mpini, na chini yake Babu Seremala akaongeza kwa mkono wake kwamba mwiko ameshauchonga.